Maharagwe ya Ombari

"Bado," Laurette alisema, akalitema harage kiganjani na kumwonyesha mama yake. "Iko nguvu sawa jiwe, mama."

Eulalie hakuhitaji kuonyeshwa. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, jiko lao la makaa, tangu alfajiri, maji yameongezwa na kuongezwa tena, na maharagwe yalikuwa yamevimba kidogo tu, basi. Makaa ya mwisho yalikuwa yanageuka majivu. Wadogo wawili wa Laurette walikuwa wamekaa mlangoni, sahani mapajani, hawaondoi macho.

Mwanamke yeyote wa mtaa wao, Cimpunda, angemwambia: harage lililokaa sana linakuwa kichwa ngumu, utalichemsha mpaka uchoke wewe kwanza. Eulalie mwenyewe alilijua hilo tangu utoto. Lakini jana tumbo lilimwambia ajifanye hajui, naye akajifanya.

Maharagwe yale hayakuwa ya kula. Yalikuwa ya vita. Tangu kipindi chake cha redio kianze, wakati kitinda mimba wake hajaota hata jino, yalikaa ndani ya kopo la maziwa ya guigoz katika redio ndogo ya mtaa, juu kule Kadutu, na kazi yao ilikuwa kuwa risasi. Eulalie ndiye aliyetengeneza sauti za mchezo wa Ombari. Ombari ni dunia nyingine, mbali huko juu, yenye majua mawili. Watu wake wanakula uyoga unaoota kwenye miamba. Jua dogo likijificha uyoga unakauka, na hapo watu wa Mwambani wanashuka kupigana na watu wa Shimoni kwa ajili ya ule uliobaki. Wanauana, wanapatana, wanakula pamoja, wanacheza ngoma mpaka vumbi linatimka. Kisha jua dogo linajificha tena. Eulalie aliyamwaga maharagwe juu ya kipande cha bati, polepole kwa risasi za mbali, kwa fujo kwa zile za karibu. Kitambaa kilicholowa, akikikamua, kilikuwa mlo wa uyoga. Kandambili zake, akizigonga mezani, zilikuwa jeshi zima.

Akina mama wa soko la Nyawera waliugombania mchezo huo kama mambo ya ukoo wao. Walimzuia Théodore, mwandishi wake na msomaji mkuu, katikati ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo.

"Papa Théo, bale batu batapatana kabisa siku gani?"

"Nikibapatanisha," naye angecheka, "mutasikiliza nini?"

Hata wale wenye bunduki walioushika mji walikuja siku moja kuuliza. Mkubwa wao alisikiliza kipindi kizima akiwa amesimama.

"Hii Ombari iko mu territoire gani?"

"Iko juu, chef," Théodore alijibu.

"Juu wapi? Kule milima ya Mwenga?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Alipokuwa anatoka alisema bila kupandisha sauti: "Siku tutasikia risasi ya kweli mu hii redio, tutafunga mulango na nyinyi mukiwa ndani."

Sasa barabara ya Bonde ilikuwa imefungwa tena, mchele wa Luberizi haupandi mjini, na unga uliobaki sokoni ulikuwa wa kutazama tu. Fabien, mume wa Eulalie, alikuwa Shabunda akichimba dhahabu, na simu yake ilikuwa haipatikani. Basi jana, baada ya mazoezi, wenzake walipotoka kupunga upepo, Eulalie aliyamimina maharagwe ndani ya kitenge na kulijaza kopo kokoto za barabarani. Aliondoka akiangalia nyuma kama mwizi, na kweli alikuwa mwizi.

Jioni ilikuwa inakaribia na kipindi hakingoji mtu. Aliitazama sufuria kwa chuki.

"Laurette, enda kwa Mama Fanny kule chini. Mwambie anipe makala kidogo ya mbabula, nitamurudishia. Usikawie mu njia."

"Na kama hana?"

"Enda kwa mwingine. Lazima hii maharagi iive leo."

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ya zamani yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za nje zisiingie. Mashine ya kurekodi iliibwa siku mji ulipoporwa, hivyo kila kitu kilikwenda hewani moja kwa moja, pamoja na kikohozi. Théodore alilichukua kopo kulijaribu, kama kawaida yake. Alilitikisa mara moja, akalishusha.

"Eulalie, hii haiko vita. Hii iko lori inamwanga muchanga. Maharagi iko wapi?"

Eulalie aliziangalia kandambili zake.

"Nilipika."

Gisèle, aliyekuwa sauti ya malkia wa Shimoni, alishika mdomo. Théodore alimgeukia. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na Eulalie, aliyekuwa amejiandaa kufukuzwa, aliona kwamba mtu huyu hana hasira hata kidogo.

"Iliiva?" aliuliza polepole.

"Bado."

"Ah." Akameza mate, akazipanga karatasi zake. "Basi leo tutapigana na kokoto."

Taa nyekundu ikawaka. Ikishawaka, hakuna anayeingia wala kutoka, kwa sababu mlango ule ulilia vibaya na ungesikika mji mzima. Jua dogo likajificha. Uyoga ukakauka. Malkia wa Shimoni akawaambia watoto wake walale mapema, wasione sufuria tupu, na Gisèle alilisema hilo vizuri kupita siku zote.

Mlio wa kwanza wa risasi ulikuja kabla zamu ya kopo haijafika. Ukafuata wa pili. Kisha ikawa milio mingi, na magodoro hayakuizuia. Kokoto zilikuwa bado zimetulia.

Upande wa Cimpunda.

Laurette alikuwa huko nje, na makaa kwenye kisahani, kwa sababu mama yake alimtuma, kwa sababu maharagwe ya wizi yalikataa kuiva. Eulalie alisimama. Moyo ulimwenda mbio hata akaogopa utasikika redioni.

Théodore alimkazia macho bila kuacha kusoma. Aliruka kurasa, akawashusha watu wa Mwambani mapema, wote kwa pamoja, na kwa mkono wa kushoto akamwonyesha kopo, kisha mikrofoni. Tikisa. Eulalie alielewa. Milio ile ilikuwa tayari hewani, na wenye bunduki walikuwa na redio zao. Ilibidi igeuke kuwa ya Ombari, sasa hivi.

Akalitikisa kopo. Kokoto zikanguruma, zikafunika kila kitu. Hakujua tena kama milio imepanda mlimani au imeshuka kuelekea kwa Mama Fanny, maana kelele ya mkono wake mwenyewe ilimziba masikio. Alipojaribu kupunguza, Théodore alimkunjia uso, huku jasho likimtiririka: zaidi. Gisèle alikuwa amefumba macho, ameshika ukingo wa meza. Eulalie akaongeza. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mkono wa kulia ulipochoka akalihamishia kopo kushoto, na katika kule kuhamisha, kokoto zikiwa kimya kwa pumzi moja, aliegemeza sikio kwenye godoro la ukutani akasikiliza milio iko upande gani.