Mreno Aliyebisha Hodi

Kibibi alifanywa Mreno kwa adhabu. Alikuwa ameuliza darasani kwamba, ikiwa nahodha wa Kireno aliigundua Malindi, basi waliompa kondoo, na rubani wa kumpeleka Bara Hindi, walikuwa nani? Mwalimu Njoroge, mtu wa Murang'a, akajibu kuwa kitabu kimesema aligundua, basi aligundua. Kibibi akauliza tena. Ndipo mwalimu akaamua kwamba katika mchezo wa kumpokea mkaguzi, Kibibi ndiye atakayekuwa Mreno, atamke kwa kinywa chake, "Nimeugundua mji huu," mpaka yamwingie. Akiharibu, jina lake halitaandikishwa mtihani wa darasa la nane.

Habari hiyo ilimfikia Shekha nyumbani. Yeye ndiye dada mkubwa. Mama yao alipofariki, Shekha aliacha skuli darasa la saba akashika cherehani, na kilichobaki cha kumtia matumaini ni kichwa cha Kibibi. Akamshonea suruali ya Kireno kwa shuka kuukuu, akamtengenezea ndevu za makumbi ya nazi, na huku anashona akimsihi ayaseme maneno yale matatu yaishe.

"Na uongo je, dada? Dhambi si yangu?"

"Wewe sema. Dhambi ataibeba Njoroge, ana mabega."

Mwalimu alitaka mambo yaonekane ya kweli. Akaazima mkeka wa jirani yao, Bi Harusi, na pazia la mlangoni kwa Shekha, lile la maua mekundu, akalitundika katikati ya darasa liwe mlango wa mji. Nyuma yake waliketi watoto wenye vilemba, ndio watu wa Malindi. Mbele waliketi wazazi, na mkaguzi, Bwana Thoya, kalamu mkononi.

Kibibi akatokea na ndevu zake na upanga wa mbao, akitembea kishari kama alivyofunzwa. Shekha akashusha pumzi. Mtoto akalifikia pazia, pazia lilelile alilolipita tangu anatambaa, na miguu ikavua viatu yenyewe. Akavipanga vizuri kando, akazishika ndevu zisianguke, sauti ikamtoka kwa adabu.

"Hodi."

"Karibu," wakaitikia walio nyuma ya pazia, na wazazi wote, na mkaguzi pia.

Mreno akaingia peku, akamwamkia mzee wa mji shikamoo kwa mkono. Kisha akakumbuka kilichomleta. Akawageukia watu, akainua upanga.

"Nimeugundua mji huu."

Shekha akaanza kumshukuru Mungu. Maneno yote matatu yametoka. Bi Harusi ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Umegundua nini, mwanangu, na hodi umebisha ukaitikiwa?"

Darasa likaangua kicheko, mkaguzi akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Alipokwisha kujifuta machozi, akamwuliza mwalimu kwa upole kama na kule Murang'a wazungu waliyagundua mashamba ya watu.

Mwalimu Njoroge akavitazama vile viatu vya Mreno vilivyopangwa mlangoni.

"Kwetu hawakubisha hodi," akasema. Hapo kicheko kikakatika.

Jioni Shekha alikuwa akikuna nazi, moyo umemshuka, akajua mchezo umeharibika na jina la Kibibi limekwenda na maji. Ikaja hodi. Mwalimu Njoroge alikuwa amesimama mlangoni, pazia limekunjwa kwapani. Mlango u wazi, wanaonana uso kwa uso. Shekha akaendelea kukuna. Hodi ikaja tena, hii ndogo zaidi. Akamalizia kifuu chake, akakung'uta mbuzi ya kukunia.

"Karibu, Mwalimu."

Mwalimu akavua viatu. Akaeleza kuwa jina ameliandikisha kwa mkono wake mwenyewe, ila mtihani unasahihishwa Nairobi, basi Kibibi ajibu kama kitabu.

"Na darasani?" Kibibi akauliza kutoka ndani.

"Darasani kesho uniulize tena lile swali lako. Kwa sauti. Jawabu sina. Tutalitafuta sote."

Shekha akalipokea pazia, akageuka upesi kulitundika, asionekane anavyotabasamu. Sauti ya Bi Harusi ikavuka ua, ikataka kujua kama huyo ndiye Mwalimu, na kama ndiye, mkeka wake umegunduliwa na nani.