Wati Kumi na Nane

Emiliana alifunua sanduku, akaweka kiganja juu ya mayai, akashtuka. Yamepoa.

"Mwalimu, njoo! Mayai yangu yanakufa!"

Mwalimu Chediel, kijana anayefundisha fizikia, alifika mlangoni mwa jiko la shule na chaki mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za nyumbani nitakuuliza baadaye." Hakuwahi kumkatisha mtu hivyo. Hapa Unyambwa salamu hazikatwi hata nyumba ikiungua.

Wiki tatu zilizopita ugonjwa wa kideri ulifagia kuku wake wote, hata lile jogoo korofi lililodonoa wageni. Yakabaki mayai ishirini na manne. Ni uzao wa mtetea aliyepewa na mama yake siku anaolewa, na mama mwenyewe hayupo tena. Mayai haya yakiharibika, basi.

Kwa siku kumi na tisa sanduku lilipata joto la koili moja ya waya iliyounganishwa na betri, kwa shida. Jana upepo wa Julai ulipozidi, akaongeza ya pili. Mpishi aliyepika kwa miaka kumi na sita haambiwi na mtu kwamba kuni mbili zinashinda moja. Na sasa sanduku limepoa zaidi!

"Umeziungaje?" Chediel aliuliza.

"Mkia wa hii kwenye kichwa cha ile. Moto upite kote."

Mwalimu aliokota kipande cha mkaa, akaandika ukutani. "Kila koili ina ukinzani wa omu nne. Zikifuatana hivi ni nane. Betri ni volti kumi na mbili. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia na arobaini na nne. Gawa kwa nane."

Emiliana aliishia darasa la saba, lakini kila siku hugawa makande kwa wanafunzi mia nne na hapungukiwi.

"Kumi na nane."

"Ndiyo, wati kumi na nane, koili zote mbili. Ile moja peke yake ilikupa thelathini na sita."

Kumbe mikono yake mwenyewe ndiyo iliyopunguza moto.

"Nikiipa kila koili waya zake kutoka kwenye betri? Kama ninavyopakulia wanafunzi kwenye madirisha mawili?"

"Hapo kila moja itatoa thelathini na sita."

"Sabini na mbili," alisema, na tayari alikuwa amechomoa waya wa betri.

Kengele ya chakula ilipolia, kipimajoto cha sandukuni kilikuwa kimepanda hadi nyuzi thelathini na saba. Foleni ikajipanga, sahani zikagongana. Emiliana hakushika upawa. Alichukua yai, akaliweka sikioni asikie kama kifaranga kinadonoa ndani. Kimya. Akalirudisha, akachukua jingine.

"Mama, njaa inauma!"

"Nyamazeni!"

Foleni nzima ikanyamaza. Yai la pili nalo, kimya. Akachukua la tatu, akafumba macho. Chediel, aliyesimama kando yake, hakusikia kitu. Aliona tu kidole cha Emiliana kikianza kugonga ubavu wa sanduku, taratibu, kikisimama, kikigonga tena.