Magoti ya Shahidi

Gari la matangazo, lile lile lililotupigia kelele wakati wa kampeni, lilisimama sokoni Segese. "Wenzako wote wameshapona magoti! Umebaki wewe tu!" Shahidi wa wauzaji, mama mmoja mnene, akaisifia dawa yao ya kupaka huku akicheza. Jirani yangu Limi akaanza kumvuta mbuzi wake wa pekee akambadilishe kwa chupa moja.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Nikamgeukia shahidi. "Mwanangu, mbona hujanisalimia?"

Kwetu Usukumani mwanamke humpigia magoti aliyemzidi umri anapomsalimia. Watu wote wakamtazama. Akaanza kupiga magoti, akafika nusu, akalia, "Mayu wane, mama yangu, nakufa!"

Tukamwinua. "Pole mwanangu," nikamwambia, "ujipake nawe kidogo."

Limi alirudi nyumbani na mbuzi wake, aliyekuwa anatafuna karatasi yao ya tangazo.