Mafunjo Yaliyohama

Usiku wa kuamkia leo niliota wavu wangu umeshtakiwa. Mahakama imekaa pale mto wetu unapoingia ziwani, juu ya maji, na hakuna anayelowa. Msimu huu samaki aina ya ningu wanapanda mtoni kutaga, kwa hiyo kuvua mtoni ni marufuku, ziwani ruksa. Wavu uliotegwa mtoni unachomwa moto, na mimi sina mwingine.

Sikuwa na wasiwasi. Kijijini kwetu kila mtu anajua ziwa linaanzia pale mafunjo yanapoishia, na wavu wangu niliutega jana mbele ya mafunjo, upande wa ziwani.

"Mama Nyanjige," anasema Bwana Samaki, ofisa wetu wa uvuvi, "sheria inasema mto unatembea, ziwa limekaa. Maji, hebu kaeni."

Maji yanavuta kigoda, yanakaa, yanakunja nne.

"Umeona mwenyewe, yamekaa," nasema. "Nipe wavu wangu nikaandae chai."

"Upepo ndio umetushika mabega," Maji yanasema kwa upole. "Ukituachia tunaendelea na safari."

Mara tuko jikoni kwangu. Mafunjo yameingia kwa foleni, yamejitanda kanga zilizolowa, yanaangalia chini.

"Utusamehe, mama. Juzi upepo wa ziwani ulitusukuma, tukahamia huku juu mtoni. Tulidhani umeona."

Hapo nikakasirika kwelikweli. Maisha yangu yote nimetega kwa kuyafuata hayo mafunjo, nayo yanahama bila hata kupiga hodi.

Ningu mmoja, tumbo limejaa mayai, ameegemea mafiga akipumzika.

"Shangazi, sisi hatuangalii mafunjo. Tunaonja. Maji yakiwa na udongo, bado ni mto. Onja uone."

"Sifundishwi maji na kitoweo," namwambia.

Bwana Samaki anawasha kiberiti.

Nikaamka, na uhakika wangu wote ninao. Ndoto ni ndoto, nikajiambia, na ziwa ni ziwa. Koo lilikuwa limekauka, nikachota maji ya mtungini, yale niliyoyateka jana nikiwa kwenye mtumbwi, pembeni kabisa ya maboya ya wavu wangu.

Nikameza funda moja. Udongo ukabaki kwenye ulimi.

Sikungoja funda la pili. Nilijifunga kanga, nikachukua kasia na kuteremka ufukoni mbio, huku nikimwombea Bwana Samaki usingizi mzito.