Keki ya Watu Wazima

Simu ilipolia, mwokaji alikuwa amezamisha mikono yote miwili katika unga, hivyo wifi yake ndiye aliyeipokea na kumshikia sikioni. Aliyepiga alikuwa katibu wa nyumba ya uponyaji iliyoko nyuma ya kiwanda cha matofali.

"Tunahitaji keki ya sherehe, dada."

Mwokaji aliijua nyumba hiyo. Mume wake alikuwa akiishi humo.

"Ya watoto au ya watu wazima?" aliuliza kwa mazoea.

Dukani kwake swali hilo lilikuwa na maana moja tu. Keki ya watoto ilikuwa ya maziwa na vanila. Ya watu wazima ilijaa zabibu kavu zilizolowekwa kwa muda mrefu katika pombe kali, na ikishatoka kwenye oveni ilitobolewa kwa sindano ya kufumia na kunyweshwa tena, kijiko kwa kijiko, mpaka iweze kulewesha kwa harufu peke yake. Mtaa mzima ulilijua hilo. Katibu hakuwa mtu wa mtaa.

"Ya watu wazima," alijibu akicheka. "Hapa kwetu hatuna watoto. Na ndiyo kauli yetu hiyo: tunamtibu mtu mzima. Mwili, akili, roho, chakula, usingizi. Mtu mzima kabisa."

"Iandikwe nini?"

"Hongera kwa Kuacha. Kuna ndugu yetu ametimiza mwaka bila kugusa tone. Alikuwa fundi saa."

Wifi aliitoa simu sikioni kwa mwokaji na kuitazama kana kwamba imemtukana.

"Ni kaka yangu huyo."

"Ni yeye."

"Na huyo mama hajui unatia nini humo."

"Kaagiza mwenyewe," alisema mwokaji, akirudi kuukanda unga. "Nimeuliza, kanijibu. Mimi ni nani nimpangie mteja?"

Fundi saa alikuwa mlevi kwa muda wote wa ndoa yao ambao mtu angeweza kuukumbuka. Kibanda chake kilipakana na duka la keki, na mikono yake ilipoanza kutetemeka kiasi cha kudondosha parafujo ndogo kuliko chembe ya sukari, mkewe ndiye aliyesimama mlangoni kuwapokea wateja. Aliwaambia mume wake ana homa. Aliwaambia hivyo siku aliyolala chini ya meza yake ya kazi, siku aliyopotea, na siku aliyorudishwa na watu waliomwokota mtaroni. Homa ile ilidumu hata watani wa mtaani wakampa jina la Bwana Homa, na mwokaji, ambaye ndiye aliyeutunga uongo huo, akalazimika kumwitikia mumewe kwa jina hilo kila alipoulizwa habari zake.

Kisha Bwana Homa akaenda kwenye nyumba ya uponyaji. Mwokaji ndiye aliyempeleka, ndiye aliyemfungia nguo. Baadaye alirudi siku moja, mashavu yamejaa, macho meupe, akiongozana na mshauri wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole uliosomewa. Walikaa sebuleni. Mshauri alieleza kwamba anayetaka kupona lazima aachane na watu, mahali na vitu vilivyokuwa sehemu ya ulevi wake.

"Na mimi ni lipi kati ya hayo matatu?" mwokaji aliuliza.

"Dada, wewe ulimfunika," mshauri alisema polepole. "Anayemfunika mgonjwa huulisha ugonjwa. Sikulaumu. Nakueleza tu."

Fundi saa alikuwa akilitazama zulia. Alichukua vifaa vyake vya kazi na shati la sikukuu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo wateja walikuwa wakimpongeza mwokaji. "Tumesikia mumeo ameacha, hongera!" Naye alijibu, "Ameacha, ndiyo," akifunga boksi la keki na kulikaza utepe kuliko ilivyohitajika. Alilitafakari sana neno hilo wakati akipamba. Katika ulevi, mlevi ndiye huacha. Katika ndoa, mume ndiye huacha na mke huachwa. Mwanamume yule alikuwa ameacha mara mbili kwa pumzi moja na kupongezwa kwa zote mbili, ilhali yeye hakubakiziwa hata kitenzi kimoja cha kutenda.

Sasa alikuwa nacho kimoja. Alinywesha keki.

Hakutaka mumewe afe. Alimjua vizuri mno hata asiweze kuchanganya kuanguka kwake na kifo. Alijua kwamba kwake hapakuwa na tone dogo, kwamba tonge moja la keki ile lingetosha kuamsha kile kilicholala. Alichotaka ni kuwa aanguke mbele ya watu wale wale waliomfundisha kumwita mkewe ugonjwa, na safari hii ndoo na tambara vishikwe na mshauri. Aliitoboa keki kwa sindano, matundu yaliyopangika kama ya kushonea, akamimina.

Wifi alikuwa akimtazama kutoka kwenye meza ya kupambia. Alikuwa amebaki dukani baada ya kaka yake kuondoka, kwa maelezo kwamba yeye hakuolewa na mtu pale, kwa hiyo hawezi kuachwa.

"Akianguka, nani atamwokota?" aliuliza. "Mimi mgongo wangu si unaujua."

"Wataalamu wapo."

"Wifi, hasira yako naielewa. Ningekuwa wewe ningempiga na mti wa kusukumia, tukamaliza. Hii ya kumpikia mtu polepole inanitisha."

"Nipe mfuko wa sukari ya kupambia niandike."

"Chukua mwenyewe. Mkono wangu umepata homa."

Mwokaji aliandika. Hakuwahi kuandika herufi nzuri kama zile.

Ukumbi wa nyumba ya uponyaji ulikuwa na sakafu iliyong'arishwa, mikeka iliyokunjwa na kusimamishwa pembeni, na viti vilivyopangwa duara. Ngoma moja ndogo iliwekwa dirishani. Mwokaji na wifi yake walipoingia na keki, waliomo walikuwa wamefumba macho wakivuta pumzi, wakiishikilia, wakiiachia taratibu kwa amri ya mshauri.

"Mtu mzima anafundishwa kupumua," wifi alinong'ona. "Alipozaliwa alifundishwa na nani?"

Mshauri alifumbua macho, akamwona mwokaji, na pumzi yake mwenyewe ikakatika katikati.

"Dada. Ni wewe?"

"Ni mimi. Mliagiza keki."

Mshauri alisita. Alimtazama fundi saa, ambaye alikuwa amenyooka kitini kama aliyeitwa na mwalimu, kisha akaitazama keki iliyofunikwa kwa kawa la plastiki.

"Iweke pale mezani. Unaweza kusubiri mlangoni ukipenda. Viti ni vya walio katika duara, utatusamehe."

"Nimezoea kusimama mlangoni," mwokaji alisema.

Fundi saa aliinuka kutoa neno la shukrani. Alikuwa amenenepa vizuri, na mikono yake, mwokaji aliiona mara moja, ilikuwa imetulia kabisa. Mikono ile tulivu ilimuumiza kuliko chochote alichotarajia kukiona. Alikuwa ameisubiri kwa miaka, na ilikuwa imekuja kutulia mahali asipokuwapo.

Alishukuru pumzi. Akashukuru bustani ya mboga, matembezi ya asubuhi, ngoma, na usingizi uliorudi. Alimshukuru mshauri aliyemfundisha kwamba kusema kweli ni dawa na uongo ndio mlango wa kurudi kulewa. Kisha akasema, bila kutazama upande wa mlango:

"Mimi niliishi na watu walionifunika. Walinifunika hadi nikaozea ndani. Hapa ndipo nilipofunuliwa."

Walipiga makofi. Wifi alimshika mwokaji kiwiko, na mwokaji akakitoa.

"Kwa desturi yetu," mshauri alisema, "anayesherehekea humlisha tonge la kwanza mgeni wetu wa karibuni."

Mwanamke kijana aliyejitanda kanga kichwani akasogezwa mbele. Alikuwa ameingia nyumbani humo wiki ile. Alijaribu kutabasamu, na alipoinyoosha mikono kuipokea sahani, sahani ikagongana na pete yake mfululizo, kwa mlio mwepesi ambao mwokaji aliutambua hata kabla hajaigeuza shingo. Alikuwa ameusikia mlio huo kwenye vikombe, kwenye funguo, kwenye parafujo zilizodondoka.

Huyu mwokaji hakuwa amempangia kitu. Alifumbua kinywa aonye, lakini kabla neno halijamtoka, mumewe aliinua kawa.

Harufu ilimfikia fundi saa kabla ya macho yake kuyasoma maandishi. Matundu ya pua yake yalitanuka. Kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, wenye njaa, na mwokaji akaona kwamba amefanikiwa. Kisha mumewe akageuza kichwa na kumtazama, mara ya kwanza tangu siku ile ya sebuleni. Alijua. Alijua keki ni ya nani, imenyweshwa na nani, na kwa ajili gani.

Akainama, akaikoholea keki. Alikohoa kwa nguvu, mara kadhaa, akiitapakazia mate kuanzia *Hongera* hadi *Kuacha*.

"Samahanini sana," alisema, akiifunika tena kwa kawa. "Tangu asubuhi sijisikii vizuri. Nina homa. Keki nimeiharibu, asiiguse mtu, nisije nikawaambukiza."

Mshauri alimwekea kiganja kwenye paji la uso, kwa huruma. Watu walianza kumpa pole.

Mwokaji alikuwa amejiandaa kumwona anakula. Alikuwa amejiandaa pia, katika saa zake za hofu, kumwona anamnyooshea kidole. Hakujiandaa kulisikia neno lake mwenyewe, *homa*, likitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba neno hilo ndilo lililomwozesha. Hasira iliyompanda ilikuwa mpya, safi kuliko ile aliyokuja nayo.

"Hana homa," alisema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Anadanganya. Hakuna homa hapa, wala haijawahi kuwapo. Keki ina pombe. Nimeitia mimi, nikijua."

Mtu mmoja aliburuza kiti chake nyuma. Mwanamke wa kanga aliishusha sahani. Wifi, ambaye alikuwa ameshaelewa kwamba mambo yameharibika, aliingia katikati ya duara kwa hatua za mtu anayeondoa vyombo, akaikumbatia keki.

"Nipeni mimi," alisema. "Mimi sina ugonjwa, nina njaa." Akatoka nayo hadi kwenye gari la duka.

Mshauri alimgeukia fundi saa.

"Ndugu yangu. Kwa nini umetudanganya?"

Mikono ya fundi saa ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliushika mmoja kwa mwingine.

"Nilitaka kumsitiri."

Mwokaji alicheka, na cheko lile halikuwa na furaha hata chembe.

"Umesikia, mshauri? Kumsitiri. Akifanya yeye, mara moja tu, kwa kikohozi, ni kusitiri. Nilipofanya mimi, miaka yote ile, ilikuwa kufunika. Hebu nifundishe, maana wewe umesoma: tofauti iko wapi?"

Mshauri aligeuka kuwatazama walio katika duara.

"Mnasema mnamtibu mtu mzima," mwokaji aliendelea. "Mmetibu usingizi wake, tumbo lake, pumzi zake. Na ile sehemu yake iliyokuwa ikisimama mlangoni mmeikata mkaitupa kama ganda. Huyo mtu mzima wenu ana upande mmoja."

Mshauri alichukua kiti chake mwenyewe, akakibeba hadi mlangoni na kukiweka mbele ya mwokaji.

"Kaa, dada."

"Sikuja kupona."

"Najua."

"Wala kusamehe sikuja. Nilikuja kumwangusha."

"Nimekusikia. Sijakuomba usamehe. Nimekuomba ukae."

Mwokaji alikibeba mwenyewe mpaka katikati ya duara, akakiweka uso kwa uso na mumewe, karibu kiasi cha magoti kugusana, akakaa.

"Aseme," alisema.

"Niseme nini?" fundi saa aliuliza.

"Homa. Zote. Moja baada ya nyingine, mbele ya hawa uliowaambia umeishi na watu waliokuozesha. Mimi nimezibeba kimya, na wewe umetoka nazo ukaziita ugonjwa wangu. Zirudishe."

"Nyingine sizikumbuki."

"Nitakukumbusha."

Fundi saa alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia taratibu kama alivyofundishwa.

"Kuna asubuhi," alianza, "mwalimu mkuu alikuja kuchukua saa ya marehemu baba yake. Mimi nilikuwa chini ya meza. Wewe ulisimama mlangoni ukamwambia nina homa."

"Nilikuwa nimeshika nini?"

"Ndoo."

"Ya nini?"

Mwanamke wa kanga alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake, macho yake kwa mwokaji.

"Ya matapishi yangu," fundi saa alisema. "Uliificha nyuma ya gauni ukamtabasamia. Na saa yenyewe… saa yenyewe nilikuwa nimekwisha kuiuza."

"Endelea."

Aliendelea. Alisema habari ya mazishi ya mama yake, ambayo mkewe aliyasimamia peke yake akiwaambia waombolezaji kwamba mfiwa amezidiwa. Alisema habari ya mtaro. Machozi yalimshuka, na mwokaji aliyatazama yakishuka bila kuinua mkono, ingawa katika pindo la gauni lake kulikuwa na kitambaa safi, kilichokunjwa, kama kilivyokuwapo siku zote.

Mshauri aliitazama saa ya ukutani, akainua kiganja.

"Labda kwa leo inatosha. Tupumue kwanza."

Nje ya dirisha, katika gari la duka, wifi alikuwa ameiweka keki mapajani, akiimega kwa vidole. Alikuwa ameshalimaliza neno la kwanza, *Hongera*.

Mwokaji hakugeuka kumtazama mshauri.

"Endelea," alimwambia mumewe.