Andika Nimekufa

Jamani, kumbe moto wa kuchorwa nao unatisha! Mpokea simu wa ghorofa ya nne, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Alo, alijua fika kwamba yupo mezani kwake, kwenye kiti chake cha magurudumu, na kwamba moshi ule uko ndani ya miwani tu. Hata hivyo aliuziba mdomo kwa kiganja. Miwani yenyewe ilikuwa mizito, imemziba macho yote, na ndani yake aliiona korido yao vilevile ilivyo, hadi ufa wa ukutani karibu na lifti.

"Umechuchumaa," mashine ikamwambia. "Simama wima."

"Nisimame kwa miguu ya nani?" akafoka.

Mume wa mdogo wake, aliyeiunda programu hiyo ya mazoezi ya moto, akacheka pembeni. "Shemeji, usigombane nayo. Haijawahi kukutana na mtu aliyekaa. Ngoja nikurefushe kidogo."

"Nirefushe basi, nimzidi mkeo kwa maringo."

Akabonyeza kitufe. Mama Alo akajiona ameinuka, sakafu iko mbali kule chini. Tangu ajali, miaka kumi na mmoja, hakuwahi kuitazama korido kutoka juu namna ile, na kwa kitambo kidogo alifurahi, asimdanganye mtu. Kisha lifti ikazimika, kama inavyozimwa moto unapotokea, na mshale wa kijani ukamwonyesha ngazi.

Ngazi! Roho ikampaa. Lakini alisukuma kidole gumba tu kwenye kifaa cha mkononi, akashuka akielea hadi nje kwenye jua.

Alipovua miwani, meneja wa usalama alikuwa ameshika cheti. "Hongera, Mama Alo! Sekunde hamsini na mbili. Umewashinda hata vijana wa masijala." Akatoa kalamu, akaiendea karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, iliyosema kwamba moto ukizuka, walinzi wawili waliotajwa kwa majina wapande na machela kumchukua mpokea simu. "Na hii sasa tunaifuta. Aliyefaulu habebwi, ndiyo utaratibu."

Mama Alo akafa ganzi. Aliiona siku yenyewe: king'ora kinalia, viatu vinakimbia ngazini, mlango unajifunga, yeye anabaki na simu zake. Na kule chini mtu anasoma cheti, anasema huyu hujitoa mwenyewe.

Akamtazama shemeji yake. Macho ya shemeji yalikuwa yanamsihi. Watu wote waliojaribu walikuwa wamefaulu. Akianguka hata mmoja, ofisi haiichukui programu, na kazi ya miezi tisa inakwenda arijojo, ilhali mkewe anakaribia kujifungua. Lakini kilio huanza mfiwa.

"Shemeji, hicho kitufe, siku ya moto utakuwepo kunibonyezea?"

Shemeji akakiondoa kidole chake kwenye kitufe.

"Nirudishe nilivyo. Tuanze upya."

"Shemeji, ukiwa umekaa hutashuka. Utaungua."

"Wacha waone."

Akavaa miwani tena, na yote aliyoyaona yakaonekana kwenye skrini ya ukutani. Alifika kwenye ngazi ya kwanza, akakwama. Moshi ukashuka. Alijua ni uongo mtupu, na bado aliita, "Jamani, nipo huku!" kwa sauti iliyomtisha mwenyewe. Sekunde hamsini na mbili zikapita. Zikapita dakika mbili. Skrini ikawa nyeusi.

Alivua miwani, uso umelowa machozi, akamrudishia meneja cheti.

"Andika nimekufa," alisema. "Halafu uniambie nani anakuja kunichukua."

Meneja akaurudisha mfuniko wa kalamu yake na kugeukia karatasi ya mlangoni. Akayasoma majina ya wale walinzi wawili, akayarudia tena kimyakimya. Mmoja alistaafu mwaka juzi. Wa pili walikwisha kumzika.