Ngumi Tano, Macho Mawili

Deodatha na mdogo wake Placidia walifaulu darasa la saba mwaka mmoja, kwa sababu Deodatha aliugua akarudia darasa, na mdogo mtu akamkuta hapo hapo. Watoto wawili wa nyumba moja kuchaguliwa kwenda sekondari! Nyaishozi nzima ilikuja kunywa pombe ya rubisi kwa Rwezaura, baba yao, hata wale wasiomsalimu barabarani.

Furaha haikudumu. Mama yao, Costansia, aliteleza kibanjani, kwenye migomba yao, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika nyonga. Sasa hakuweza kugeuka kitandani bila mtu. Rwezaura alizunguka siku kadhaa, mwishowe akawaita mabinti zake.

"Mmoja aende, mmoja abaki na mama yenu," alisema. "Na nafasi haingoji mtu. Atakayebaki, shule ndiyo imekwisha."

"Mimi sichagui," mama alijibu kutoka chumbani. "Mtoto si ndizi, useme hii nakata, hii naacha."

"Basi waamue wenyewe."

Waliamua kwa mchezo. Usiwacheke. Wangeamua kwa nini kingine, wakati wote wawili walikuwa na akili, na wote walimpenda mama?

Mchezo wenyewe waliletewa na binamu yao Novatus, aliyekuwa akisoma Bukoba. Kila mtu humuunda shujaa wake kwa maharage saba: mengine huyaweka kwenye ngumi, mengine kwenye macho. Macho ndiyo ya kumpata adui. Shujaa wa macho mawili humpata dadu ikitoka moja au mbili. Wa macho matatu, ikitoka moja, mbili au tatu. Ukishampata, ngumi zako ndizo zinazosema umemnyang'anya buni ngapi, yaani punje za kahawa. Kila shujaa huanza na buni kumi na mbili, mnarusha dadu kwa zamu, na anayeishiwa buni amekufa.

Msimu ule Deodatha alikuwa mlinzi wa kahawa. Alikaa kutwa kando ya mikeka, akiigeuza kahawa ikauke na kuwafukuza kuku. Kazi hiyo huacha mikono bila shughuli, na mikono yake ilirusha dadu. Mkono wa kulia ulimchezea shujaa wa ngumi nne na macho matatu, wa kushoto ulimchezea shujaa wa ngumi tano na macho mawili. Kila pambano likiisha aliweka punje ya kahawa upande wa mshindi. Baada ya wiki, lundo la kulia lilikuwa kama mara tatu ya lile la kushoto.

Alishangaa, kwa maana wote watatu, yeye, Placidia na Novatus, waliamini kwamba ngumi ndiyo mchezo. Ndipo akahesabu. Ngumi tano: tano, kumi, kumi na tano. Mara tatu ndipo adui afe. Ngumi nne: nne, nane, kumi na mbili. Mara tatu vilevile! Ile ngumi ya tano haikuwa na kazi yoyote, harage lililotupwa, na mwenye kulitupa alibaki na macho mawili akirusha patupu.

Alifurahi kama mtu aliyeokota. Halafu, jioni ya kuamua, Placidia alikuja na maharage yake saba kiganjani.

"Dada, wewe umecheza sana. Nimuunde vipi wangu?"

Deodatha aligeuza kahawa ambayo alikuwa ameshaigeuza.

"Nguvu ni nguvu, mdogo wangu. Weka ngumi tano."

Placidia akaweka tano, akamshukuru.

Walikaa mkekani, wakarusha. Na angalia mambo ya dadu: Placidia alipata mara tatu mfululizo, pambano likaisha kabla halijaanza. Aliruka, akapiga makofi, kisha akamwona dada yake usoni, akakaa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Deodatha hakuwa mshindani hata kidogo. Alikuwa mwizi aliyejua hesabu. Alijua kwamba pambano moja ni la bahati, lakini mapambano mengi huirudia hesabu, na hesabu ilikuwa yake.

"La kwanza ni la salamu," alisema. "Jambo kubwa hivi haliamuliwi mara moja. Tucheze matano, na hilo lako limo."

Placidia alifikiri. Alikuwa na haki ya kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Haya, dada. Nisije nikaenda kusoma na kinyongo chako."

Deodatha alishinda la pili na la tatu. Placidia akashinda la nne. La tano lilipoanza, Deodatha aliomba kimoyomoyo ashindwe, aliomba kweli, lakini macho yake matatu yaliona tu. Moja. Tatu. Mbili. Placidia alikusanya buni zilizobaki, akazirudisha kwenye mkeka pamoja na zingine ili zisipotee.

Usiku Deodatha hakumeza chakula. Alisikia mama akiuliza, "Mmechaguana vipi?" na Placidia akijibu, huku akimgeuza taratibu, "Tumemwachia Mungu, mama. Mara tano." Deodatha alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi tu, na mama alikuwa hatua chache kutoka pale, lakini aliona darasa, aliona vitabu, akafunga mdomo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya safari Placidia alimbebea sanduku hadi barabarani, likasimama kati yao wakingoja basi la Omurushaka. Alikuwa amemfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, zile zilizoiva vizuri, na kwenye kona ya kitambaa alikuwa amefunga ile dadu.

"Ichukue. Hapa nitacheza na nani, mama?" Alicheka. "Dada, nimekuwa nikiwaza. Matano ni machache. Tungecheza mengi zaidi, tuseme mia, si ningekufikia?"

Vumbi la basi lilikuwa limeshaonekana mlimani. Deodatha alitazama kile kiganja kilichomshikia dadu, tayari kina sugu za jembe la wiki moja. Mapambano mia! Katika mia, mtoto huyu asingebaki na hata tumaini.

"Ungenifikia," alisema.

"Nilijua!" Placidia aliinua sanduku, akamkabidhi utingo. "Basi ukija likizo tunaendelea. Wangu namwacha na ngumi zake tano."